Kompyuta ikisema kinu hakitalipuka, tuiamini?

Wadau, juzi pale Mlimani tulikuwa tunazungumzia urani ya Namtumbo. Kijana mmoja akasema siku tukijenga vinu vya nyuklia, twende moja kwa moja kwenye vile vinavyopozwa kwa sodiamu, metali iliyoyeyushwa, badala ya maji, vinavyozalisha fueli nyingi kuliko vinavyotumia, kwa kuwa kompyuta imeshathibitisha usalama wake. Hilo neno “imethibitisha” nalipinga.

Katika vinu vingi vya maji, maji yakipungua mpasuko wa nyuklia hufifia. Kwenye vinu vya sodiamu, sodiamu ikichemka katikati ya kiini kikubwa (sehemu ya kinu yenye fueli), nguvu inaweza kupanda, na fueli ikiyeyuka ikajikusanya mahali pamoja, ipande zaidi. Wanafizikia Bethe na Tait walikokotoa ukali wa mlipuko wa namna hiyo mwaka 1956. Baadaye maabara ya Los Alamos ya Marekani ikaunda programu ya kompyuta iitwayo SIMMER, inayofuata fueli, chuma na sodiamu vikiyeyuka na kutiririka pamoja. Kazi kubwa, naiheshimu. Lakini programu hukokotoa kile ilichopewa. Oktoba 1966, kwenye kinu cha sodiamu cha Fermi 1 karibu na Detroit, Marekani, kipande cha bati la zirkoni kiling'oka, kikaziba njia ya sodiamu, na sehemu ya fueli ikayeyuka. Bati lenyewe liliwekwa ili kuongeza usalama! Sisi wa Dar tunalijua hili: mtaro huchorwa mtupu, masika huukuta umejaa chupa za plastiki.

*Mchangiaji:* Mkuu, hapo unaonea. Aprili 1986 kule Idaho, kinu cha majaribio cha EBR-II, nacho cha sodiamu, kilizimiwa pampu za sodiamu makusudi kikiwa kwenye nguvu kamili, na mfumo wa kukizima kwa dharura umezuiwa. Nguvu ikashuka yenyewe, kama hesabu zilivyotabiri. Unataka nini tena?

*Mtoa mada:* Nakubali, na jaribio hilo ndilo lililowapa watu imani, siyo hesabu peke yake. Ila EBR-II kilikuwa kidogo, fueli yake ya metali, na siku ile haikuyeyuka. Ukihamishia jibu lake kwenye kinu kikubwa cha fueli ya oksaidi, umebadilisha swali. Ninachotaka ni hiki: yeyote atakayetuletea kinu cha aina hiyo alete na programu yake pamoja na vipimo vya majaribio, vijana wetu wa fizikia wakokotoe upya wenyewe, wazibe njia ya sodiamu watakapo ndani ya kompyuta, waone kinachotokea. Akikataa, asiuziwe hata kiwanja. Anayepinga aseme kwa nini.