Tupeane uzoefu: maandishi ya “Nyumba hii inauzwa” yamewafaa au yamewasumbua?

Ndugu zangu wa Tanga, habari za kazi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu maandishi ya kuuza nyumba tunayoyaweka ukutani au kwenye kibao, kwa kuwa wengi tunayaweka bila kuulizana yamemfaa nani. Naanza na yangu.

Mwaka juzi tulikubaliana ndugu watano kuuza nyumba ya marehemu baba iliyoko Ngamiani. Nikiwa msimamizi wa mirathi niliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo, nilimwita fundi akaandika ukutani “Nyumba hii inauzwa” na namba ya simu, basi. Wiki ya kwanza simu haikunyamaza, lakini karibu wote waliopiga walikuwa madalali, kila mmoja na bei yake na cha juu anachotaka kuongeza. Lililoniuma zaidi ni kwamba shangazi yetu wa Muheza alizipata habari kwa mpita njia kabla sisi hatujamfikishia, akaja analia kana kwamba tumefiwa mara ya pili. Kosa lile lilikuwa langu, kwani ukuta ulisema kabla yangu.

Tukayafuta. Tulipokwisha kuzungumza naye, niliweka kibao cha bati kinachotaja ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, kwamba hati ipo, na kwamba anayepokea simu ni mwenye mali mwenyewe. Simu zilipungua sana, ila waliopiga sasa walikuwa wanunuzi. Aliyenunua ni mwalimu aliyekuwa akipita pale kila siku kwa baiskeli, naye aliniambia kwamba kilichomsimamisha ni lile neno la hati.

Mchangiaji wa Kange:
Mimi nilikosea rangi. Nyumba yangu iko jirani na barabara kuu, nikaandika kwa rangi nyekundu ili isomeke kwa mbali. Ilipita miezi mitatu bila simu hata moja, mpaka jirani aliponieleza kuwa watu wanadhani imewekewa alama ya X ya kubomolewa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mnunuzi makini hawezi kulipuuza jambo hilo. Nilipima, nikaandika upya kwa rangi ya bluu na kuongeza kwamba nyumba iko nje ya hifadhi. Ndani ya mwezi mmoja nikapata mteja.

Mchangiaji wa Mabawa:
Kaka, kwangu habari ni nyingine. Nilirudi kutoka msibani Pangani nikakuta nyumba tunayoishi na watoto imeandikwa kuwa inauzwa, na mume wangu hakuwa amenitamkia neno. Nilichukua chokaa nikaweka “HAI” mbele ya “INAUZWA”, lakini ikabaki “HAIINAUZWA”, nikalazimika kufuta yote na kuandika “Nyumba hii haiuzwi” kwa mkono wangu unaotetemeka. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Dada zangu, mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inampa huyo mwenzake haki ya kuweka zuio. Mume wangu aliposomewa hayo alikaa kimya, tukaanza kuzungumza.

Mleta mada:
Pole sana, dada yangu, na ahsante kwa kutuwekea kifungu chenyewe. Sasa naelewa kwa nini yule mwalimu, kabla ya kuuliza bei, aliomba kwanza kuonana na mama yetu. Wengine waliowahi kuuza Raskazone na Chumbageni, ambako nyumba nyingi zimezungukwa na kuta ndefu, tafadhali mtueleze kibao mlikisimamisha wapi kikaonekana.