Kikundi: Ukoo wa Tanga na Mombasa

Zuhura: Asalaam aleikum. Mwaka 2024 Kenya wametaja mapato ya utalii shilingi zao bilioni 452.2, Tanzania dola bilioni 3.9. Nani yuko mbele?

Mjomba Hamisi: Waaleikum salaam, mwanangu. Geuza za Kenya ziwe dola kwa wastani wa mwaka mzima. Wastani wa 2024 ni karibu shilingi 135 kwa dola, kwa hiyo unapata kama dola bilioni 3.35. Tanzania imetangulia.

Juma: Si nitumie tu kiwango cha leo cha kubadilisha fedha, mjomba?

Mjomba Hamisi: Hapana! Angalia 2023: Kenya walipata bilioni 352.5. Shilingi ilianza mwaka kwenye 123 hivi, ikamaliza kwenye 156. Kwa wastani wa 140 ni dola bilioni 2.52. Kwa kiwango cha Desemba ni 2.26. Dola milioni 260 zimeyeyuka kwenye kikokotoo na hakuna mtalii hata mmoja aliyepungua.

Shangazi Rehema: Gawanyeni na kwa wageni, hapo ndipo penye habari. Mwaka 2024 Kenya walipata wageni milioni 2.39, Tanzania milioni 2.14. Kila mgeni Kenya ni kama dola 1,400, Tanzania kama 1,820.

Juma: Mbona pengo kubwa hivyo, shangazi?

Shangazi Rehema: Kenya mwaka huo, baada ya Wamarekani, waliofuata kwa wingi ni Waganda na Watanzania. Mtu wa Kampala anakuja Nairobi mkutanoni au kwa ndugu, analala siku mbili, anarudi. Wageni wanaokuja Tanzania, wengi wanalipia safari nzima kwa pamoja: Serengeti, Ngorongoro, kisha Zanzibar. Kiingilio cha Serengeti peke yake, kwa mtu mzima kutoka ng'ambo, mwaka 2024 kilikuwa dola 70 kwa siku msimu wa wageni wengi, kabla ya kodi ya VAT.

Zuhura: Basi nizidishe bei ya safari kwa idadi ya wageni?

Shangazi Rehema: Usithubutu. Aliyelipa dola 5,000 akiwa Berlin, humo mna tiketi ya ndege na kamisheni ya wakala wa huko. Wanaohoji wageni wakati wa kuondoka hutoa hizo kwanza, ndipo wahesabu kilichoingia nchini.

Zuhura: Na jedwali la Benki ya Dunia? Mbona namba zake haziendani na hizi?

Mjomba Hamisi: Jumla yao ya mapato ya utalii ina nauli zinazolipwa kwa mashirika ya ndege ya nchi husika. Kwa Kenya yenye Kenya Airways, hilo linainua namba. Wewe chukua safu ya matumizi ya wasafiri bila nauli, kwa nchi zote mbili, mwaka uleule. Na za Zanzibar usiziongeze tena, zimo ndani ya Tanzania.

Juma: Aliyeanzia Maasai Mara akaenda Serengeti je?

Mjomba Hamisi: Kwenye idadi ya wageni yumo Kenya na yumo Tanzania. Fedha kila nchi inahesabu alizotumia kwake. Kwa hiyo mapato unaweza kuyajumlisha, vichwa usivijumlishe.