Presha ya kapilari za mapafu: mbwa wametosha au bado?

Mleta mada:
Jana barazani Shangani, hapa Mtwara, mjomba wangu alisikia kuwa presha ya mishipa midogo kabisa ya mapafu ilikadiriwa kwa kutumia mbwa. Akasema, "Mnyama kateswa bure, mbwa si mtu." Mimi ni nesi, na hilo la bure nalikataa.

Mishipa hiyo ndiyo kapilari, na kapilari ya pafu haifiki upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Utaichoma kwa sindano gani, na mgonjwa anahema? Ndiyo maana mwaka 1967 kule Marekani, watafiti Gaar, Taylor, Owens na Guyton walichukua pafu la mbwa lililotolewa kifuani, wakapitisha damu ndani yake huku wakilipima uzito. Wakulima wa korosho mtanielewa upesi: unyevu ukizidi, gunia linazidi uzito. Pafu nalo, maji yakivuja nje ya mishipa, mizani inapanda. Wakatafuta presha ambayo mizani haipandi wala haishuki. Ikapatikana kanuni: chukua presha ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, ongeza 0.4 ya tofauti kati yake na presha ya ateri ya mapafu, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, ateri ikiwa 15 na chumba 2, unapata 7 hivi, milimita za zebaki.

Katheta ya madaktari Swan na Ganz ya mwaka 1970, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu, inakadiria presha ya chumba hicho kwa binadamu. Ya kapilari bado tunaipiga hesabu, na mgonjwa anayejaa maji mapafuni anaihitaji hesabu hiyo.

Mchangiaji:
Dada, 0.4 ni ya pafu zima lisilo na ugonjwa. Vena za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zikibana, kama katika maambukizi makali ya damu, presha ya kapilari inapita hesabu yako. Mjomba anasema kweli.

Mleta mada:
Kaka, hapo nakubali, na kanuni isisomwe kama kipimo. Lakini hata habari ya vena kubana tumeijulia sana kwa wanyama. Ninachopinga mimi ni kumpasua mbwa mwingine ili darasa lione kilichokwisha kuonekana. Anayetaka mnyama aje na swali jipya, na mnyama asihisi maumivu.

Mjomba ameniuliza tena asubuhi: mbwa wangapi walitosha? Wauguzi, wafugaji, watu wa Lindi pia, mjibuni.