Uwanja mpya wa gofu ufukweni: nani ameshacheza?

Wakuu, nataka kwenda Jumamosi. Mmeuonaje?

— Nimetoka jana. Ardhi ni ya mchanga, kavu, mpira ukitua unakimbia kama umefukuzwa. Nilizoea kuurusha juu; upepo ukanirudishia. Shimo la 7 nikaamua kuuviringisha chini kutoka mita 40, ukalala karibu na bendera. Mabanka (mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji) ni madogo lakini yana kina: moja nilipiga mara 4, mwisho nikatokea kwa nyuma! Nyasi bado zina viraka.

— Viraka visikutishe, mkuu. Nyasi za mchangani hukua polepole, na zikimwagiliwa sana uwanja unalainika, ladha inapotea.

— Kivuli kipo?

— Mti hata mmoja hakuna. Kofia yangu iko baharini.