Niliomba ishara, ikaja, lakini amani sina

Dada_Muuguzi:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni muuguzi. Nimepata nafasi katika hospitali nyingine, mbali na nyumbani, na mshahara ni mkubwa kuliko huu wa sasa. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelala, na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani usiku. Wadogo zangu wawili wanasema, "Nenda dada, tutamwangalia."

Nilifunga siku 3. Siku ya mwisho nikasema: Bwana, kama ni wewe, wanipigie simu kabla ya Ijumaa. Wakapiga Alhamisi saa 4 asubuhi. Nilikaa kwenye ngazi za wodini nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Jumatatu wanataka jibu. Je, kuikataa ishara niliyoiomba mwenyewe ni kumwasi Mungu? Mbona Gideoni wa kwenye Biblia aliomba ishara mara 2 na akapewa?

Mshindi_kwa_Neema:
Mpendwa, umeomba, umejibiwa. Ufunuo 3:8, mlango aliofungua yeye hakuna awezaye kuufunga. Nenda kwa imani.

Mzee_wa_Kanisa:
Binti yangu, pole kwa mzigo huo. Soma Waamuzi 6 tangu juu, usianzie kwenye ngozi ya kondoo aliyoitandaza kuomba ishara. Mstari wa 14 Gideoni ameshatumwa na Mungu kuwaokoa Israeli. Habari ya ngozi inaanza mstari wa 36, na hapo mwenyewe anakiri kwamba Mungu alikwisha kusema. Hakuwa akitafuta njia, alikuwa akiogopa njia aliyoonyeshwa. Hata mara ya pili anamsihi Mungu asimkasirikie. Wewe ulikuwa umeambiwa neno gani kabla ya ile simu?

Mimi napenda zaidi Daudi alipokuwa Keila, 1 Samweli 23. Ameuokoa mji ule, kisha anasikia mfalme Sauli anapanga kuja kumkamata. Anamuuliza Mungu waziwazi: Je, Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa Keila watanitoa kwa Sauli? Watakutoa. Daudi akaondoka na watu wake wapata 600, na Sauli hakwenda tena. Aliuliza lile hasa lililomtia hofu. Sasa wewe ulimuuliza Mungu habari za simu, na sidhani kama simu ndiyo iliyokuliza pale ngazini.

Sisemi usiende. Mshahara huo unaweza kuwa riziki ya mama yako pia. Lakini Yakobo 1:5 inatuambia tuombe hekima, na hekima inataka wadogo zako wahojiwe, si wasikilizwe tu. Na mama je, umemuuliza?

Dada_Muuguzi:
Mzee wangu, sikuwa nimemuuliza. Niliona nitamtia wasiwasi bure.

Nimemuuliza usiku huu. Ulimi wake ni mzito, maneno yanamchukua muda, nami nikangoja. Hakunizuia. Aliuliza tu, "Saa nane nani atanigeuza?" Ndiyo saa ninayoamka kila usiku. Nilipowapigia wadogo zangu, hakuna aliyejua kwamba mama hugeuzwa saa hiyo.

Wanakuja kesho kulala huku, wamgeuze wao, mimi nikae pembeni niangalie. Jumatatu nitaiomba hospitali wiki 2 zaidi. Wakikataa, nitawajibu siku hiyo hiyo. Nimeanza kuomba upya, na safari hii namtajia Mungu ile saa nane.