Nimestaafu jeshi, lakini kila asubuhi nalikagua gari kama naenda lindo. Nimwachie kijana wangu?

Dereva Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo naomba ushauri, hasa kwa mliopita jeshini maana mtanielewa bila maelezo marefu.

Nimeendesha magari ya jeshi miaka 22, nikastaafu nikiwa sajini. Kiinua mgongo nilimalizia nyumba, kilichobaki nikanunua Toyota IST ya 2004. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri niko nje na tochi. Nafungua boneti, napima oili, naangalia maji ya rejeta, mafuta ya breki na feni belti. Nazunguka matairi yote manne nikiyagonga kwa mguu, kisha nawasha na kupiga resi kidogo nisikilize injini. Mwisho nainama kuangalia chini. Jioni nikirudi nachomoa waya wa betri. Jumla dakika 25, hata kama naenda sokoni tu.

Tabia hii niliikuza Darfur, Sudan, tulipokuwa kwenye ulinzi wa amani. Kule vumbi lilikuwa linaziba kisafisha hewa ndani ya siku chache, na gari likizima mbali na kambi si wewe tu uko matatani, ni msafara mzima. Julai 2013 wenzetu 7 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Khor Abeche. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani, ila baadhi yao niliwafahamu kwa sura. Tangu hapo nimekuwa nainama chini ya gari mara mbili mbili.

Sasa kijana wangu, miaka 24, anaomba gari afanyie biashara ya teksi ya mtandao, aniletee hesabu kila wiki. Yeye boneti hajui hata inafunguliwa wapi. Mama watoto anasema, "Wewe umestaafu, ila hilo gari naona bado liko kambini." Nimpe au nisimpe? Na hii tabia ni nzuri au ni jeshi limenikaa kichwani?

Kijana wa Mbagala
Mzee IST inakaguliwa kama kifaru? 😂 Mimi yangu naweka mafuta nasepa. Mwaka wa tatu huu.

Dereva Mstaafu
Na hiyo taa ya njano kwenye dashibodi imewaka mwaka wa ngapi?

Kijana wa Mbagala
Umejuaje mzee wangu 😅

Mzee wa Kyaka
Nyie vijana wa juzi. Mwaka 1978 mimi nilikuwa utingo wa lori la pamba huko Shinyanga. Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera serikali ilichukua malori na mabasi ya raia kubebea askari na mizigo. Letu nalo likachukuliwa, na sisi wawili tukaenda nalo, dereva na mimi. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Daraja la Kyaka, la kuvukia mto Kagera, adui alishalilipua, kwa hiyo magari yamejipanga yanangoja njia ya kuvuka, matope hadi kwenye ekseli.

Dereva wangu hakusoma, ila tukisimama hata dakika kumi alikuwa ananishusha nitoe matope kwenye magurudumu kwa kijiti, yasikauke kwenye breki. Nilimchukia sana kwa hilo. Spea hazikuwepo, gereji haikuwepo. Lori likikwama, nyuma yako kuna watu wanangoja unga na risasi. Wengi wao Kampala waliingia kwa miguu, na sisi wenye magari tulikuwa tunaona aibu kuwaambia lori limezima kwa sababu ya uzembe.

Leo nina Land Rover 109, na kijiti bado ninacho nyuma ya kiti. Kijana wako mpe gari, lakini mpe kijiti kwanza.

Fundi Spana
Afande, shikamoo. Mimi sikupita jeshini, nimepita chini ya magari tu, miaka 18. Niseme ukweli usinikasirikie: nusu ya unayofanya ni dhahabu, na nusu unaliumiza gari.

Kupima oili asubuhi injini ikiwa ya baridi, gari liko sehemu tambarare, ni sahihi kabisa. Wateja wangu kumi wakifanya hivyo tisa nisingewaona. Lakini acha kupiga resi injini ya baridi. Oili bado haijapanda vizuri juu, vyuma vinasuguana vikavu. Washa, ngoja nusu dakika, ondoka taratibu.

Waya wa betri usichomoe kila jioni. Hiyo si Land Rover ya zamani. Kompyuta ya gari inajifunza jinsi injini inavyopumua ikiwa imesimama, ukikata umeme inasahau inaanza upya. Ndiyo maana asubuhi inatetemeka na wewe unadhani inaumwa, unaipiga resi! Kama gari linalala wiki mbili, hapo sawa, chomoa.

Na kupiga tairi teke hakukuambii kitu. Nunua kipimo cha upepo, pima tairi likiwa la baridi, ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Halafu soma ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, yaani meno bado marefu, lakini limezeeka.

Swali moja: hayo maji ya rejeta unayoongeza, unayatoa wapi?

Dereva Mstaafu
Marahaba fundi. Kisimani kwangu hapo nyumbani.

Fundi Spana
Kisima cha Dar?! Afande, maji ya chumvi hayo! Yanakula rejeta na pampu ya maji kimyakimya. Na kwa nini unaongeza? Mfumo usio na ubovu haupungui maji hovyo, kuna mahali panavuja. Tena kagua kama themostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, bado ipo, mafundi wengine wanaitoa kwa kisingizio kwamba nchi yetu ni ya joto. Bila hiyo injini haifiki joto lake na inakunywa mafuta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Na kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto, nimeshampeleka mtu hospitali kwa hilo.

Pwani Kenya
Salamu afande kutoka Mtwapa. Mimi nilikuwa KDF, jeshi la Kenya, nilikaa Kismayu, Somalia, baada ya mji kuchukuliwa 2012. Chumvi ya bahari kule ilikuwa inakula kila kitu, tulikuwa twaosha magari upande wa chini kwa maji matamu ambayo sisi wenyewe twayataka kunywa.

Lakini nataka kugusa hilo la kuinama. Sisi hatukuwa twainama kutafuta oili iliyovuja. Twatafuta bomu. Mpaka leo sifungui mlango wa gari bila kuinama, hata nikiwa naenda kununua mkate. Bibi yangu amezoea, watoto wadhani ni mazoezi. Kwa hivyo jiulize ndugu yangu: ukiinama, watafuta nini?

Mke wa Afande
Pwani Kenya umenena. Mimi si askari, ni mke wa askari. Wangu alirudi kutoka Kongo akawa haegeshi gari mpaka ligeuzwe, pua iangalie geti. Hata msibani. Tairi anazipapasa ubavuni kwa sababu mawe ya volkano ya Goma yalikuwa yanachana tairi, hilo nililielewa. Ila akawa anaamka saa nane usiku kwenda kuangalia gari. Hapo nikajua si gari. Alienda kuzungumza na daktari hospitali ya jeshi, miezi kadhaa, sasa analala. Gari bado analigeuza, nimemwachia.

Kaka, ukilala unalala?

Dereva Mstaafu
Shemeji, nalala. Siyo kila siku.

Mzee wa Kyaka
Basi nenda, mdogo wangu. Sisi wa 1979 hakuna aliyetuuliza swali hilo.

Dereva Mstaafu
Narudisha mrejesho, wiki mbili zimepita.

Jumapili nilimkalisha kijana mbele ya boneti. Tumekubaliana asubuhi anapima oili, anaangalia tanki dogo la kulanti, upepo wa tairi na taa. Basi, dakika tano. Anaandika kwenye daftari, na hesabu bila daftari siipokei.

Tulimwaga maji ya rejeta yakatoka rangi ya chai ya kuungua. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unavuja, umebadilishwa. Themostati haikuwepo, sijui aliyeniuzia aliitoa lini. Waya wa betri siugusi tena na kweli kutetemeka kumeisha.

Kubwa ni hili. Kijana alisoma tairi la nyuma kulia: 1116. Tairi la mwaka 2016! Mwaka mzima nalipiga teke kila alfajiri nikisema ni zima. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sikuwa na la kusema.

Daktari nimepangiwa naye Alhamisi. Kuinama bado nainama. Mama watoto kasema nikiwa huko chini niangalie na paka wake kama yumo.