Programu huria ya kuchanganulia takwimu za uvuvi

Swali:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninalo daftari la miaka mitatu la samaki walioshushwa hapa Malindi, changu na tafi wakiwemo, lililoandikwa kwa kilo kila siku, nami nataka kulinganisha msimu wa kusi na wa kaskazi. Leseni ya programu niliyokuwa nikitumia imekwisha na bei yake siimudu. Ni ipi ya bure inayofaa?

Jibu la kwanza:
Waalaikum salaam. Ikiwa umezoea SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, basi PSPP, programu ya bure ya mradi wa programu huria wa GNU, utaizoea upesi, kwa kuwa amri zake zinafanana. Hata hivyo ningekushauri ujifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu iliyo ya bure pia, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000, kwa sababu kila hatua ya hesabu huiandika, na mwenzio aliye Lamu ataweza kuirudia vilevile.

Jibu la pili:
Naafiki, ila ziangalie sana siku zilizo tupu. Siku ambayo kusi ilichafua bahari na mashua hazikutoka ni 0. Siku ambayo karani hakuandika ni NA, alama ya R ya thamani isiyojulikana. Ukiandika mean(kilo) kupata wastani na NA hata moja imo, R itakurudishia NA, kwa hiyo andika mean(kilo, na.rm = TRUE) ili NA zirukwe. Mimi niliwahi kuyajaza mapengo yote kwa sifuri, wastani wa kusi ukashuka isivyo kweli, ikanibidi niianze kazi upya.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Mwezi wa Juni una mistari mitupu mingi. Nitamuuliza karani kabla ya kuingiza chochote.